Phoenix: Kibarua cha siku 90 kwenye barafu ya Mirihi

MWENYE meza gulioni mpakani anajua kwamba jioni ikifika lori huondoka, uwe umeuza au hujauza. Nalikumbuka hilo kila ninaposoma habari za Phoenix, chombo cha Marekani kilichotumwa sayari ya Mirihi huku mabwana zake wakijua hakitaona mwaka wa pili.

Kilirushwa kutoka Florida Agosti 4, 2007, kikatua Mei 25, 2008 kwenye nyanda za kaskazini ya mbali. Hakikuwa na magurudumu. Kilisimama kwa miguu mitatu na kuchimba pale pale, kwa mkono wa mita 2.35.

Kilipangiwa siku 90 za Mirihi, kila moja ikiwa saa 24 na dakika 40 hivi. Sababu ni umeme wa jua. Kaskazini huko, wakati wa kiangazi jua halizami. Wakati wa baridi halichomozi kwa miezi. Vyombo vya Spirit na Opportunity, vilivyotua jirani na ikweta mwaka 2004, vilipangiwa siku 90 hizo hizo vikadumu miaka. Phoenix hakikuwa na pa kukimbilia.

Kwa hiyo kila siku ilikuwa mali. Tanuri za kupimia udongo zilikuwa nane, kila moja ya kutumika mara moja tu. Udongo wa kwanza, uliogandamana, uligoma kupita kwenye wavu kwa siku kadhaa! Hata hivyo, Juni 2008 vipande vyeupe mtaroni vilitoweka ndani ya siku nne, na mwisho wa Julai tanuri likathibitisha kuwa ile ni barafu ya maji. Baadaye kilishuhudia theluji ikianguka kutoka mawinguni.

Mawasiliano ya mwisho yalipatikana Novemba 2, 2008. Picha ya Mei 2010 ilionyesha dalili kwamba mabamba ya umeme yalivunjwa na uzito wa hewa ya ukaa iliyoganda.

Wapo wanaosema dola zaidi ya milioni 400 zilitupwa. Mimi sikubaliani nao. Mars Polar Lander, kilichokwenda ncha ya kusini, kilipotea Desemba 3, 1999 bila kutuma neno. Hiyo ndiyo hasara. Phoenix kilifanya kazi zaidi ya miezi mitano, kikafunga meza bidhaa zikiwa zimeuzwa.