USHINDI USIISHIE KWENYE VIGELEGELE

Tarehe 24 Machi, 2019, Taifa Stars iliichapa Uganda mabao 3-0 jijini Dar es Salaam, ikafuzu kucheza Fainali za Mataifa ya Afrika. Furaha hiyo tuliingoja miaka 39, tangu fainali za Lagos za 1980. Msuva alipofunga la kwanza, Nyoni akaongeza kwa penalti na Morris akahitimisha, sisi wa Tabora tulishangilia sawa na ndugu zetu wa Unguja na Pemba.

Jambo hilo si dogo. Zamani njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, ilituunganisha na Visiwani kwa pembe za ndovu na minyororo ya watumwa. Leo twaunganishwa na bendera moja. Hata uwanja wetu wa Tabora una jina la marehemu Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyepata kuongoza Zanzibar na kisha Muungano.

Lakini shangwe peke yake haitoshi. Huko Misri timu yetu ilifungwa michezo yote mitatu, na Senegal, Kenya na Algeria. Wapagazi wa Kinyamwezi hawakufika pwani kwa nyimbo tu, walibeba mzigo. Viongozi wanaoshangilia jukwaani hawana budi nao kuubeba wao: viwanja vya shule visimegwe kwa ajili ya majengo, na watoto wapate mipira na walimu, Visiwani kama Tabora. Timu ya kesho imo katika viwanja hivyo.