Kumbukumbu za Nachingwea na Ruangwa

Mtu wa Likunja, au wa kata yoyote ya Ruangwa, apendaye kuzijua habari za nchi yake tangu zama za Mdachi, hatazikuta zote mahali pamoja, kwa kuwa tawala zilizopita huku kusini ziliandika sana, kisha zikaondoka na baadhi ya maandishi yao na kuyaacha mengine. Sehemu kubwa ya yaliyosalia nchini imehifadhiwa Upanga, Dar es Salaam, katika Nyaraka za Taifa, idara iliyoanzishwa mwaka 1963 na ambayo leo huongozwa na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002. Humo mna mafaili ya Wadachi, ambayo mengine yalifukiwa ardhini wakati wa Vita Kuu ya Kwanza yasije yakaangukia mikononi mwa adui, na ambayo UNESCO iliyatia mwaka 1997 katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Mna pia maandishi ya Waingereza, na zile daftari za wilaya ambamo Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni, aliandika habari za koo, majumbe, mipaka na kodi, akamwachia aliyemfuata. Yafaa zisomwe kwa hadhari, maana mwandishi alikuwa mgeni tena mtawala. Walakini zimo habari ambazo hakuna tena aliye hai awezaye kuzisimulia.

Kazi ya mtunza nyaraka yataka subira. Faili litokalo masjala halipangwi upya kwa jinsi apendavyo yeye, bali hubaki pamoja na wenzake kwa utaratibu ule ule wa ofisi iliyolitoa, kwa sababu barua iliyotengwa na majibu yake hupoteza nusu ya ushahidi wake. Pini za chuma hung'olewa kabla kutu haijatoboa karatasi. Vumbi hupanguswa kwa brashi laini. Kisha faili hutiwa ndani ya boksi lenye nambari, na nambari hiyo huandikwa katika orodha ambayo kwayo msomaji ataweza kuliomba. Nyaraka za serikali kwa kawaida hufunguliwa kwa wasomaji zitimizapo miaka 30.

Ama Nachingwea, mambo yake yamesambaa mbali zaidi. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza Kongwa mwaka 1947 na kufika hadi huku, ulijengewa bandari Mtwara na reli ya kutoka pwani. Mwaka 1951 serikali ya London ikauacha, imekwisha kupoteza takriban pauni milioni 36, na katika miaka ya mwanzo ya 1960 reli nayo ikafungwa. Waliokata mashauri ya mradi huo walikaa Uingereza, na hoja zao hutafutwa Kew, katika nyaraka za taifa za nchi hiyo, kwenye mafaili ya wizara zilizohusika. Kisha Nachingwea ikawa kambi kuu ya mafunzo ya Frelimo, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, na huko ndiko alikotoka kiongozi wake Samora Machel Mei 1975 kurejea kwao, mwezi mmoja kabla ya uhuru wenyewe. Na mwenye kutaka kuiandika tarihi hiyo kwa ukamilifu hana budi kufika Maputo. Lanisikitisha sana jambo hili, kwamba mwanafunzi wa Nachingwea avuke bahari au mpaka ili asome yaliyotendeka jirani na shule yake, na naona ni haki ya wilaya hizi kuletewa walau nakala.

Lakini zipo nyaraka ambazo hazijaondoka: daftari la wakazi, muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, na masjala ya ardhi ya kijiji iliyoamriwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, yenye kumbukumbu za hati za hakimiliki ya kimila. Tangu watu walipohamishwa katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, mahame yamebaki porini na mikorosho ikaendelea kuzaa, na wajukuu wanapogombania mikorosho hiyo, baraza huuliza ni nani aliyegawiwa shamba lile na lini. Muhtasari wenye tarehe, sahihi na mhuri utajibu, iwapo mchwa hawakuufikia katika kabati la ofisi ya mtendaji. Kabati hilo liinuliwe kutoka sakafuni, litengwe na ukuta wenye unyevu, na daftari lililojaa lisitupwe lijapo jipya. Hayo hayahitaji fedha ya serikali kuu, na yaweza kufanywa Likunja juma hili.