Gari la Mjerumani Katika Ziwa Masoko

Mtakumbuka kwamba baadhi yetu tulisafiri mpaka Tukuyu, wilaya ya Rungwe, kuwatazama wakulima wa chai wanavyopima na kuuza majani yao. Khabari ya chai tutaileta mbali. Leo twataka kujibu swali tulilorudi nalo kutoka Matwebe, maana kila tunapolitaja penye mizani ya karafuu watu huanza kubishana.

Wenyeji wa wilaya ile husimulia kwamba Wajerumani, walipokimbia katika vita vya 1914 hadi 1918, walitupa ndani ya Ziwa Masoko silaha, fedha na hata magari. Ziwa hilo, ambalo huitwa pia Kisiba, ni shimo la volkeno lililojaa maji. Upana wake wapata mita 700 na kina chake chazidi mita 30. Mzee mmoja wa Matwebe alituambia kwamba gari analolijua yeye kwa masimulizi halikufanana na gari lolote, kwani liliundwa makusudi kwa njia za Afrika. Kisha akatuuliza: "Ninyi wanangu ni watu wa pwani, mmeona vyombo vingi. Lilikuwa gari gani?"

Tulitazamana, hatukuwa na la kusema. Sasa tumetafuta.

Kwanza, asichekwe mzee. Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani waliizamisha meli yao Goetzen katika Ziwa Tanganyika, baada ya kuzipaka mashine zake grisi nyingi, na mwaka 1924 Waingereza wakaiibua. Ndiyo ile Liemba. Wala gari la kuundwa makusudi si uzushi. Mwaka 1907 luteni wa Kijerumani, Paul Graetz, aliundiwa motokaa na kiwanda cha Gaggenau, yenye magurudumu makubwa na tumbo lililoinuliwa juu ya ardhi. Aliondoka Dar es Salaam mwezi wa Agosti mwaka huo, akafika Swakopmund, kwenye bahari ya upande wa pili, Mei 1909. Kwa kuwa ilifika huko, motokaa hiyo siyo iliyomo Masoko.

Lakini safari ya karibu miaka miwili yatufunza jambo. Reli ya kati ilipita mbali sana na Tukuyu, na mvua ya Rungwe si mvua ya mchezo. Sisi wenyewe viatu vyetu havikukauka mpaka tuliporudi. Jeshi la Wajerumani lilibebwa na vichwa na mabega ya wapagazi, na wengi mno walikufa njiani. Waliotumia motokaa kwa wingi katika vita vile upande huu ni Waingereza, khasa Ford ndogo ziitwazo namba T, waliozijengea sanduku la mbao nyuma. Na Waingereza wa Jenerali Northey waliingia Tukuyu Mei 1916, wakitokea Nyasaland. Basi kama mna motokaa ziwani, sisi tungemuuliza Mwingereza kabla ya Mjerumani.

Tena tulifikiri juu ya neno lenyewe. Kwetu sisi gari ni chochote chenye magurudumu: gari la ng'ombe, gari la hamali, gari la shamba. Kwa nini mzee wa mwaka 1916 asiite mzinga gari? Kisa cha mizinga ya namna hiyo kinatuhusu sana watu wa visiwani. Manowari Königsberg, iliyoipiga na kuizamisha Pegasus mbele ya mji wa Unguja tarehe 20 Septemba 1914, iliangamia katika Rufiji Julai 1915. Wajerumani waliopoa mizinga yake 10, na mafundi wa karakana ya reli ya Dar es Salaam wakaiundia magurudumu, ikavutwa na mamia ya watu. Hatusemi kwamba mmoja wao umo Masoko. Twasema kwamba chombo cha namna hiyo, mtutu wa Ujerumani na miguu ya Dar es Salaam, hukioni katika orodha ya kiwanda chochote, na aliyekiona mara moja angekisimulia kama vile mzee alivyosimulia.

Mgeni akilitazama gari letu la shamba atapotea vivyo hivyo, akiangalia ubavu wa mbao na mabenchi. Hiyo ni kazi ya seremala wetu. Fundi huingia chini: hutafuta namba iliyogongwa kwenye fremu na kwenye injini, na bamba dogo la shaba la kiwanda. Kama kutu imekula vyote, basi achukue spana. Nati za Mjerumani aghalabu hupimwa kwa milimita, za Mwingereza na Mmarekani kwa inchi. Spana ikikaa sawasawa, umepata dalili ya upande. Halafu apime kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma. Ford namba T ni inchi 100.

Haya tumeyaandika pia katika barua kwa yule mzee, pamoja na jambo moja lililotutia wasiwasi. Vijana walituambia wazi kwamba kitakachotoka ziwani, kwa kuzamia au kwa kamba, kitauzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Chuma kikikatwa, namba imekwenda, na swali la mzee litabaki hivyo hivyo. Na kama kweli zilitupwa risasi na makombora, kukaa majini miaka zaidi ya 100 hakuyaondolei hatari. Tumewasihi wasiguse, waite polisi.

Mwanachama atakayepita Mombasa akatazame mzinga wa Königsberg na mzinga wa Pegasus, ambao nao uliopolewa. Atazame magurudumu kwanza.