Kisoma milisho cha kompyuta au cha mtandaoni? Kweli na uongo

Mlisho wa RSS ni faili dogo linalobadilika kila tovuti inapochapisha jambo jipya. Ndani yake mna kichwa cha habari, tarehe, kiungo, na pengine makala nzima. Kisoma milisho hukusanya mafaili hayo kutoka tovuti ulizochagua mwenyewe na kukupangia mahali pamoja. Viko vya kusakinisha kwenye kompyuta, kama NetNewsWire na Thunderbird, na vya kufungua kwa kivinjari, kama Feedly na Inoreader. Watumiaji wa kila upande wana maneno yao. Tuyapime.

"RSS ilikufa na Google Reader."
Uongo. Google iliifunga huduma hiyo ya kusoma milisho Julai 1, 2013, lakini RSS haikuwa mali yake. Podikasti nyingi bado husambazwa kwa RSS, na tovuti za WordPress hutoa mlisho hata kama mwenyewe hajui: ongeza /feed mwishoni mwa anwani uone. Kilichopungua ni vibonyezo vya kukuonyesha kwamba mlisho upo. Firefox, kwa mfano, iliacha kusoma milisho Desemba 2018.

"Vyote huleta habari zilezile."
Inategemea, na hapa ndipo wengi hupoteza habari bila kujua. Mlisho haubebi kumbukumbu yote ya tovuti. WordPress, usipoibadilisha, huweka habari 10 za mwisho tu. Chukua gazeti linalotoa habari 20 kwa siku. Umezima kompyuta Ijumaa jioni, ukaiwasha Jumatatu asubuhi: programu yako itazikuta zile 10 za mwisho, na za Jumamosi zimeshapita. Seva ya huduma ya mtandaoni haikulala, ilizichota zote. Ila kwa mwandishi anayechapisha mara moja kwa wiki, hutaona tofauti yoyote.

"Cha kompyuta hula bando."
Si lazima. Ni kweli kwamba hupita tovuti moja moja kuuliza kama kuna jipya. Lakini pasipo na jipya, tovuti iliyopangwa vizuri hujibu kwa namba 304 tu, bila kutuma faili upya. Kinachomaliza bando ni picha, na hizo utazilipia popote usomapo. Iambie programu iulize kila baada ya saa moja badala ya kila dakika 10. Faida ya kisoma cha kompyuta ni kwamba makala zilizokwisha kuingia unazisoma hata mtandao ukikatika.

"Cha kompyuta hakiwezi kufungwa na kampuni."
Uongo, na ushahidi ni FeedDemon, programu iliyopendwa sana na watumiaji wa Windows. Ilitegemea Google Reader kulinganisha yaliyosomwa kwenye vifaa mbalimbali. Google ilipotangaza Machi 2013 kwamba inafunga, mtunzi wa FeedDemon, Nick Bradbury, naye alitangaza mwisho wa programu yake. Kwa hiyo kabla ya kusakinisha, uliza inamtegemea nani nyuma ya pazia.

"Cha kompyuta hutunza siri zaidi."
Kweli kwa kiasi. Orodha ya unayoyafuata hubaki kwako, ilhali huduma ya mtandaoni huiona yote. Lakini kompyuta yako ikiuliza yenyewe, kila tovuti huiona anwani yako ya intaneti. Kwa huduma ya mtandaoni, anayechota mlisho ni seva.

"Ukishachagua, umenasa."
Uongo. Karibu visoma vyote hutoa na kupokea faili la OPML, lenye orodha ya milisho yako na mafolda yake. Unahama kwa dakika chache. Usichohama nacho ni makala ulizowekea nyota, basi zihifadhi kando.

Uamuzi, basi, uanzie kwenye milisho yenyewe. Ukifuata magazeti yenye habari nyingi, au ukisoma leo kwa simu na kesho kwa kompyuta, nenda mtandaoni. Ukifuata waandishi wachache wa polepole na unasomea kompyuta moja, programu iliyosakinishwa inakutosha. Mwenye seva yake anaweza kuweka kisoma kiitwacho FreshRSS, akapata ukusanyaji usiokoma bila kumkabidhi mtu orodha yake. Vyovyote utakavyochagua, toa nakala ya OPML leo, kisha uitoe tena kila unapoongeza milisho mipya.