Makambako si Mbezi: kitalu chako kisije kikapaa!

Vijana wa mjini sasa wamehamia kwenye nyanya. Zamani dili lilikuwa mitumba, ikaja bodaboda, siku hizi ukikaa kijiweni utakuta mtu anakupigia hesabu za kitalu nyumba, grinihausi kama mwenyewe anavyoiita. Matao ya bomba, nailoni juu, mipira ya matone chini, halafu hoho nyekundu zinaingia supamaketi. Hesabu inapendeza kweli. Ila katika zote nilizosikia, hakuna hata moja iliyokuwa na mstari wa upepo.

Mimi upepo nimeanza kuujali kwa sababu ya mdogo wangu. Yuko Makambako, na yeye na wenzake wanne wamevunja kikoba chao, akiba ya miaka miwili, wapate pesa ya kitalu. Shamba lao liko mgongoni mwa kilima, wazi pande zote, hata mti wa kujibanza mvua hakuna. Anayepajua Makambako ameshanielewa. Mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, pale reli ya TAZARA inapokutana na barabara kuu ya Zambia, na upepo wake wataalamu walishaupima, sawa na ule wa Singida, wakaona unafaa kuzungusha mitambo ya umeme. Sasa wewe ndiyo unakwenda kutandaza nailoni hapo!

Muuzaji wa kwanza tuliyemfuata, ambaye jina lake naliacha, alitutolea seti ya mita 8 kwa 15, ndefu kwenda juu, yenye tundu kubwa la paa. Nikamwuliza itashikwa na nini. Akacheka. "Dada, hili banda zito, haliendi kokote."

Hapo ndipo wengi wanapoliwa. Upepo hausukumi kitalu ubavuni tu. Ukipanda juu ya tao unakwenda kasi, na paa linavutwa kwenda juu, kama bawa la ndege. Halafu mlango ukiwa wazi upande unakotoka upepo, hewa inajaa ndani na kusukuma paa hilo hilo kutoka chini. Na kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Upepo wa kilomita 36 kwa saa unabana kila mita ya mraba kwa uzito wa kama kilo 6. Ukifika kilomita 72, ni kilo 24. Zidisha kwa mita za mraba 120 za hiyo seti yake, unakaribia tani tatu zinazotaka kuondoka na banda. Bomba na nailoni vina uzito gani wa kushindana na hilo?

Basi tukaanza upya. Vile vitalu virefu vyenye tundu la paa ni vya watu wa joto, Dar au Morogoro, ambako shida ni kutoa joto. Makambako mwezi wa sita na wa saba watu wanavaa makoti. Kifupi kinatosha. Tukachagua upana wa mita 6, na matao yasimame kila baada ya mita moja na robo badala ya mita mbili. Bomba liwe la galvanaizi, inchi moja na nusu, na kila kona iwe na chuma cha mshazari, maana bila huo mshazari matao yote yanalala kwa pamoja kama nyasi. Nyanya nazo zifungiwe nguzo zake. Ukizining'iniza kwenye matao umeyaongezea mzigo bure.

Pesa nyingi ikaenda chini ya ardhi, na hapa mdogo wangu alininunia. "Dada, tunazika hela!" Ndiyo, tuzizike. Mashimo ya sentimita 75, zege, na chini ya kila bomba kipande cha nondo kilichochomelewa kukingama, ili bomba lisichomoke kwenye zege kama msumari kwenye mbao mbovu. Jirani yao alichomeka mabomba kwenye udongo mtupu, futi moja. Kitalu chake kilikutwa shamba la pili, kimejikunja, na nyanya zake zimebaki zinashangaa jua.

Nailoni usinunue ile ya kufunikia magunia. Ipo ya vitalu, maikroni 200, yenye kinga ya jua. Hiyo ikitunzwa inakaa miaka mitatu hadi mitano. Adui yake ni kulegea. Nailoni iliyolegea inapigapiga, inajisugua kwenye chuma, inapasuka. Ivishe siku upepo umelala na jua limeshapanda, ikiwa imelainika, vuta mpaka ilie kama ngoma. Jioni ikipoa itajikaza yenyewe. Pande zote mbili ifukie kwenye mtaro wa sentimita 40 na kushindilia udongo. Kwenye kila kiungo chenye ncha, zungushia kipande cha tyubu ya baiskeli. Hiyo ni karibu na bure.

Kitalu kielekeze upande mfupi kwenye upepo, mlango uwe upande wa pili. Kule upepo mwingi unatoka kusini mashariki, lakini usiniamini mimi. Funga kitambaa kwenye mti shambani kwako, ukiangalie mwezi mzima.

Kuhusu uzio, mmoja wao alitaka ukuta wa matofali. Ukuta mzima unaurusha upepo juu, kisha unaangukia upande wa pili ukiwa umevurugika, pengine paani kwako. Kinachosaidia ni kitu kinachopitisha kama nusu ya upepo na kuzuia nusu: neti kwenye mirunda, mianzi, au mstari wa migrevilea. Kizuizi cha mita 2 kinapunguza makali ya upepo mpaka kama mita 20 nyuma yake. Miti isikaribie sana lakini, itakula jua lote.

Wamemaliza kusimamisha. Kitalu ni kidogo kuliko walichokiota, mita 6 kwa 12, na wawili kati ya watano bado wananung'unika. Migrevilea imefika magotini, kwa hiyo neti ndiyo inayofanya kazi. Ndani, pembeni ya mlango, kuna kisu kikali kimening'inizwa. Ikija siku ambayo matao yanaanza kung'oka, atakayekuwa zamu achane nailoni kutoka juu hadi chini, upepo upite. Nailoni inanunuliwa tena. Mabomba na zege ndiyo akiba yenyewe. Wamekubaliana hivyo kwa maandishi, wote watano wakaweka sahihi, maana walijua hakuna hata mmoja ambaye angethubutu kuchana mali ya wenzake usiku bila karatasi.