Toyota Tsusho: wafanyabiashara wa Japani walionunua njia ya Wafaransa ili kuenea Afrika

Ukisimama barabarani Goma, Bukavu ama Uvira, hautahesabu gari kumi bila kuona Toyota. Jina hilo kila mtoto analijua. Lile la Toyota Tsusho, kompani inayoendesha biashara ya Toyota katika bara letu, wengi hawajalisikia.

Toyota Tsusho haitengenezi magari. Ni kompani ya biashara yenye makao makuu Nagoya, moja ya zile nyumba kubwa za Kijapani zinazonunua na kuuza karibu kila kitu: chuma, nafaka, mashine, dawa, hata umeme. Tangu Januari 2019, Toyota yenyewe iliikabidhi kazi yote ya kuuza magari yake Afrika. Kwa maneno mengine, watengenezaji walikubali kwamba wachuuzi wanalijua bara hili kuliko wao.

Ujuzi huo, kwa sehemu kubwa, ulinunuliwa. Kwa muda mrefu Wajapani hao walikuwa na nguvu zaidi mashariki na kusini, katika nchi kama Kenya. Nchi zinazosema Kifaransa zilikuwa mikononi mwa CFAO, kompani iliyoanzishwa Marseille mwaka 1887, wakati wa ukoloni, ikiuza bidhaa za Ulaya na kubeba mazao ya Afrika ya Magharibi. Mwaka 2012 Toyota Tsusho iliinunua CFAO kutoka kwa kundi la Kifaransa PPR. Kufikia Disemba ilikuwa na zaidi ya hisa 97 kwa mia, na kompani nzima ilihesabiwa thamani ya karibu euro miliyari 2.3. Kwa bei hiyo Wajapani walipata maduka, maghala, wafanyakazi na ujuano wa zaidi ya miaka mia moja. Kujenga mtandao kama huo kutoka sifuri kungewachukua kizazi kizima. Hapa Kongo pia, magari mapya ya Toyota yanauzwa na CFAO, kule Kinshasa na Lubumbashi.

Tangu hapo biashara imetoka nje ya magari. Abidjan, CFAO ilifungua duka kubwa la Carrefour mwishoni mwa mwaka 2015, kisha ikaendelea hadi Kameruni na Senegali. Inasambaza dawa katika nchi nyingi, na mwaka 2022 ilichukua sehemu kubwa ya hisa za Goodlife, maduka ya dawa yanayojulikana sana Kenya. Kule Olkaria, karibu na Naivasha, Toyota Tsusho pamoja na Hyundai ya Korea walijenga mitambo ya megawati 280 inayotumia mvuke wa ardhini. Sisi wa Kivu, tunaolala chini ya volkano na kuwasha mishumaa, tunaweza kulitazama jambo hilo kwa wivu kidogo.

Lakini turudi kwa gari, maana hapo ndipo mwananchi wetu anaguswa. Magari mengi ya mashariki ni okazioni. Yametumika Japani, yakashushwa Dar es Salaam ama Mombasa, yakavuka mipaka na kulipiwa duwane zaidi ya mara moja. Yanaletwa na wafanyabiashara wadogo, si na kompani hii. Usukani wake uko kuume wakati sisi tunaendesha kuume, na mlango wa Hiace unafunguka upande wa katikati ya barabara. Abiria anateremkia mbele ya pikipiki. Hata hivyo watu wananunua, kwa sababu gari jipya la wakala ni kwa serikali, kompani za madini na mashirika. Land Cruiser nyeupe za mashirika ya misaada zinafuata njia nyingine tena: nyingi zinatayarishwa Gibraltar, katika kompani ambayo Toyota Tsusho ni mshirika wake.

Kwa hiyo upanuzi huu unatupita pembeni. Ghana ilipata kiwanda cha kuunganisha Hilux, kilichofunguliwa Tema mwaka 2021, baada ya serikali yake kupanga sheria ya kuwapa nafuu wanaounganisha magari nchini na kubana okazioni za zamani. Kenya nayo inaunganisha Toyota kule Mombasa. Kampuni haikwenda kwa huruma. Ilikwenda kwa sababu ilionyeshwa faida na sheria isiyobadilika kila mwaka.

Kongo ina watu zaidi ya milioni mia, na shaba na kobalti ambazo viwanda vya magari vinazitafuta. Kinachokosekana ni barabara, umeme na usalama. Kwa sasa, makanika wa Bukavu anayetafuta piesi ya kweli anaitumia mtu Kampala ama Dar, anangoja, na mara nyingi anapokea ya bandia ndani ya boksi lililoandikwa Toyota.