Ziara pepe isiwe pepe: Lugha katika apu za majumba ya sanaa

NENO ‘pepe’ lina maisha mawili katika Kiswahili. La kwanza ni la shambani: pepe ni punje ya mpunga iliyo tupu, ganda lisilo na mchele ndani. La pili ni la mtandaoni: barua pepe, uhalisia pepe na sasa ziara pepe, yaani matembezi ambayo mtu huyafanya kwa jicho na kidole bila kuondoka alipo.

Wanaobuni programu za simu, maarufu kama apu, za kuwatembeza watu ndani ya majumba ya sanaa wanafaa kuzikumbuka maana hizo zote mbili. Apu inaweza kujaa picha za kupendeza na bado ikawa punje tupu mkononi mwa anayeitumia. Hoja ya makala haya ni kwamba kiini cha apu ya aina hii ni lugha, wala si mapambo.

Teknolojia yenyewe si ngeni tena. Mnamo Februari 2011, kampuni ya Google ilizindua mradi wa sanaa ulioanza na majumba 17, yakiwemo Uffizi la Florence, Tate Britain la London na Rijksmuseum la Amsterdam. Mwaka 2021, jumba la Louvre nchini Ufaransa liliweka mtandaoni taarifa za kazi zaidi ya 480,000, na mwaka uliofuata Rijksmuseum likatoa picha ya mchoro maarufu wa Rembrandt yenye pikseli bilioni 717. Humo unaweza kuona hata mpasuko mdogo wa rangi.

Janga la korona liliharakisha mambo. UNESCO ilikadiria mwaka 2020 kwamba takriban asilimia 90 ya makavazi duniani yalikuwa yamefunga milango. Hapa kwetu, Makavazi ya Kitaifa ya Kenya nayo yameshirikiana na Google kuonyesha mtandaoni sehemu ya hazina yake.

Kwa hivyo swali si kama inawezekana. Swali ni hili: anayefungua apu hiyo akiwa Voi, Kakamega au Lodwar anaongeleshwa vipi?

Mtaalamu wa usanifu wa mifumo, Jakob Nielsen, alitoa mwaka 1994 kanuni kumi ambazo wabunifu huzitegemea hadi leo. Kanuni ya pili inasema kwamba mfumo uzungumze lugha ya mtumiaji, kwa maneno na mafungu ya maneno anayoyafahamu, badala ya istilahi za mafundi.

Wakenya wanaijua kanuni hii kwa vitendo hata kama hawajawahi kuisoma. Anayeambiwa ‘Tuma Pesa’ au ‘Toa Pesa’ hahitaji mafunzo. ‘Sambaza’ ilieleweka mara moja. ‘Okoa Jahazi’ nayo haikuhitaji kamusi, maana kila mtu anajua hali ya jahazi linalozama, na kuishiwa na muda wa maongezi katikati ya mazungumzo ndiko huko huko kuzama! Hayo ni majina yaliyozaliwa ndani ya lugha.

Sasa linganisha na apu ambazo Kiswahili huletwa mwishoni, baada ya kila kitu kukamilika kwa Kiingereza. Hapo ndipo matatizo matatu ya kisarufi hujitokeza, na yote yana dawa.

La kwanza ni upatanisho wa kisarufi. Tuseme apu inamruhusu mgeni kuhifadhi kazi alizozipenda. Kwa Kiingereza, fundi huandika kiolezo kimoja: idadi, jina la kitu, kisha kitenzi kisichobadilika. Kwa Kiswahili, mchoro mmoja umehifadhiwa, michoro mitano imehifadhiwa, kinyago kimehifadhiwa, vinyago vimehifadhiwa, picha zimehifadhiwa. Fundi asiyejua ngeli atatuandikia ‘kinyago 5 imehifadhiwa’, na mtumiaji atacheka kisha aifute apu.

Dawa si kumfundisha fundi ngeli zote. Dawa ni kuigeuza sentensi ili mtendaji awe mtumiaji: ‘Umehifadhi vinyago 5’, ‘Umehifadhi mchoro 1’. Kitenzi sasa kinapatana na mtu, na mtu habadiliki. Kinachobaki kwa fundi ni kuweka umoja na wingi wa kila jina, basi.

La pili ni utafutaji. Mitambo mingi iliyotengenezwa kwa Kiingereza hutarajia neno libadilike mwishoni. Kiswahili hubadilika mwanzoni pia. Anayetafuta ‘vinyago’ asipopata chochote kwa sababu hifadhidata imeandika ‘kinyago’, ataamini kwamba jumba hilo halina kinyago hata kimoja. Vivyo hivyo, mchongaji, uchongaji, kimechongwa na kuchonga ni watoto wa mzizi mmoja, -chong-. Apu nzuri huutambua mzizi huo. Hii ni kazi ambayo mwanaisimu na fundi wa kompyuta wanapaswa kuifanya wakiwa meza moja.

La tatu ni maneno yenye maana nyingi. Chukua mfano wa Paa Ya Paa, kituo cha sanaa kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1965 na mchoraji Elimo Njau na wenzake. Jina hilo linachora paa, yule mnyama, akipaa. Lakini paa pia ni sehemu ya juu ya nyumba, na kupaa ni kuondoa magamba ya samaki! Mtambo wa kutafsiri ukiachwa peke yake unaweza kutuletea bati mahali pa mnyama. Maelezo ya kazi za sanaa lazima yapitiwe na binadamu anayeijua lugha na anayeijua sanaa.

Hapo tunafika kwenye suala zito zaidi, nalo ni kuvipa vitu majina. Chukua vigango vya Wamijikenda. Kwa miaka mingi nguzo hizi zilizochongwa ziling’olewa pwani, zikauzwa na kuingia katika makavazi ya Marekani kama kazi za sanaa. Jumba moja la Denver lilirudisha vigango 30 mwaka 2019.

Ukikiita kigango ‘sanamu ya mbao’, hujasema uongo kuhusu mbao. Lakini umefuta kila kitu kingine. Kigango husimikwa kwa heshima ya mzee aliyeaga, aliyekuwa wa chama cha Gohu, na hubeba uhusiano wa ukoo na roho yake. Hakikuchongwa ili kipendezeshe ukuta wa mtu. Anayekielewa hivyo anaelewa pia kwa nini wenyewe walilia kilipoibwa.

Basi apu inayoonyesha kigango ianze na jina lake la asili, ieleze kazi yake kwa Kiswahili chepesi, iseme kilitoka wapi na kilifikaje kilipo. Tena, kabla ya kukipiga picha za pembe zote, wenyewe waulizwe kama kinafaa kuonyeshwa. Kitufe cha ‘Kuza picha’ hakina adabu. Adabu huwekwa na aliyekibuni.

Suala hili si la vigango pekee. Mradi uliowashirikisha wasanii wa Nairobi, Makavazi ya Kitaifa na makavazi mawili ya Ujerumani umeorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya asili ya Kenya vilivyo katika taasisi za ng’ambo. Wengi wetu hatutapata nauli wala viza ya kwenda kuviona. Kwa vitu hivyo, ziara pepe huenda ikawa ndiyo ziara pekee ambayo mjukuu wa aliyekitengeneza ataifanya. Je, akifika pale akutane na maelezo ya Kijerumani kuhusu mali ya babu yake?

Kuna mambo mengine ya usanifu yasiyohitaji maneno mengi. Picha kubwa ikatwe vipande vidogo ili simu ipakue tu kile kinachotazamwa. Bando hununuliwa kwa jasho. Maelezo yasikike pia kwa sauti, kwani wapo wasioweza kusoma na wapo wanaosoma kwa taabu. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli wake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, ili mwenye macho hafifu asome bila kukodoa.

Kwa wasioona, kila picha iandikiwe maelezo ambayo simu itayasoma. ‘Picha ya mwanamke’ haitoshi. ‘Mwanamke mzee ameketi mlangoni, kanga nyekundu begani, anapepeta mchele’ ni maelezo yanayomfanya msikilizaji aone. Kazi hii ni ya mwandishi, na hapa wanafunzi wetu wa fasihi wana nafasi ya ajira ambayo bado hawajaitambua.

Apu ikishaundwa, ijaribiwe na watu halisi. Nielsen huyo huyo alishauri kwamba kuwatazama watumiaji watano tu hufichua sehemu kubwa ya kasoro. Mpe simu mwalimu wa msingi, bodaboda, mwanafunzi wa sekondari, mama wa sokoni na mzee mstaafu. Nyamaza. Tazama wanapokwama. Wakikwama watatu mahali pamoja, kosa ni la apu, si lao.

Watasema wengine kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha kwa kazi kama hii. Mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizindua programu za ofisi kwa Kiswahili kupitia mradi wa Kilinux. Kama menyu ya ofisi nzima iliwezekana wakati huo, vitufe vya Tazama, Sikiliza, Sogeza karibu na Rudi vitatushinda vipi leo?

Uhaba tulio nao ni wa mikutano zaidi ya maneno: mwanaisimu hakai na fundi, fundi hakai na msanii, na wote watatu hawakai na wazee wenye vitu vyao. Mpunga usiochavushwa ndio unaozaa pepe. Vyuo vyetu vina idara hizo zote, mara nyingi katika ua mmoja. Wakuu wa idara hizo waanze kwa kuitana.